Dokta, kuoga maji ya baridi alfajiri kuna faida kweli? Jibu kwa mwalimu wa Makete

Swali limetoka kwa mwalimu wa sekondari, nimelifupisha kidogo ila maneno ni yake:

"Dokta shikamoo. Nina miaka 36, nimehamishiwa Makete nikitokea Temeke. Tangu mwezi wa tatu naoga maji ya baridi kila siku saa 11 alfajiri, mwalimu mwenzangu ndo kanianzisha, anasema yanaongeza kinga, yanakata kitambi na nguvu za kiume zinapanda. Nimeyapima kwa kipimajoto cha maabara ya shule, ni nyuzi 12. Nikitoka bafuni nafunga chumba naota jiko la mkaa. Kiukweli najisikia mwepesi siku nzima mpaka nimeanza kuwahamasisha vijana wa bweni nao waoge hivyo hivyo kabla ya prepo. Sasa mama kanipigia simu analia, anasema nitapata nimonia na baridi yabisi. Na mzee anakuja kunitembelea mwezi wa saba, ana miaka 67, mtu wa swala tano, anatumia dawa za presha, nilitaka nimuanzishe na yeye. Kati ya mama na huyu mwenzangu nani mkweli?"

Marahaba mwalimu wangu. Nitakujibu vyote ila siwezi kuanza na maji, naanza na hilo jiko. Kama leo unategemea kuota mkaa ukiwa umefunga mlango naomba usifanye hivyo, litoe nje kabla hujaendelea kusoma. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa hewa ya kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, haikohozeshi, na ikishaingia kwenye damu inang'ang'ania pale ambapo oksijeni ilitakiwa ikae. Mtu anaanza na kichwa kuuma, kichefuchefu, usingizi mzito, anajilaza kidogo, hamna kuamka. Watu wengi wa huko juu wanasubiri moshi uishe ndo waingize jiko ndani wakijua sasa liko salama, kumbe moshi ni kitu kingine na hiyo hewa ni kitu kingine, mkaa mwekundu usio na moshi hata kidogo bado unaitoa. Katika yote uliyoniandikia hakuna kinachoweza kukuua haraka kama hicho. Ukitoka kuoga jikaushe vizuri, vaa soksi na sweta, tembeatembea, kunywa chai, mwili wenyewe utapata moto.

Haya sasa maji. Kwanza nakushukuru kwa kupima, maana watu wanabishana miaka na miaka kuhusu maji ya baridi wakati kila mmoja anazungumzia maji yake. Mtu wa Temeke mwenye simtanki juu ya paa akisema ameoga maji ya baridi anamaanisha maji ambayo hayajapashwa tu, na saa 8 mchana hayo maji yanaweza kuwa ya moto kabisa. Yanaburudisha, yanatoa jasho, lakini mwili hauyahesabu kama baridi. Tafiti karibu zote zinazotajwa kwenye video za mitandaoni za kuoga maji ya baridi zimetumia maji ya nyuzi 10 mpaka 15 hivi. Kwa hiyo ndugu zako wa pwani wakikwambia "sisi tumeoga ya baridi toka tunazaliwa na hatujaona maajabu yoyote" wako sahihi, na wewe ukiwaambia unajisikia tofauti uko sahihi pia. Nyuzi 12 ni baridi ya kweli, ina nguvu kama dawa, na kitu chenye nguvu kama dawa lazima tuulize anapewa nani na kwa kiasi gani.

Nikueleze kinachotokea ukijimwagia kopo la kwanza. Ngozi ina vipokezi vya baridi, vyote vinapiga kelele kwa pamoja, ubongo unaamrisha mishipa ya ngozini ijibane ili joto lisitoke, damu inasukumwa ndani, presha inapanda, moyo unaenda mbio, na unavuta ile pumzi ya ghafla ya "haaa!" ambayo huwezi kuizuia hata ungejiandaa vipi, afu unahema haraka haraka. Profesa Mike Tipton wa Chuo Kikuu cha Portsmouth kule Uingereza amelichunguza hili kwa miaka mingi, na wanachokiona ni kwamba kishindo kinafika kileleni ndani ya sekunde 30 za kwanza na kinatulia ndani ya dakika mbili au tatu. Hizo sekunde 30 ndo ninazotaka uzishike kichwani kwa sababu faida yako iko humo na hatari ya mzee nayo iko humo humo.

Faida ni hii. Mwili unapopata kishindo hicho unamwaga adrenalini na ndugu yake noradrenalini, ndo maana unatoka macho yamefunguka na kichwa cheupe. Mwaka 2000 watafiti wa Ucheki waliwaweka vijana kwenye maji ya nyuzi 14, noradrenalini ikapanda kwa asilimia 530 na dopamini kwa asilimia 250. Hizo namba utazikuta kila mahali intaneti, ila wanaozisambaza huwa hawasemi kwamba wale vijana walikaa kwenye maji mpaka shingoni kwa saa nzima. Wewe na ndoo yako ya dakika mbili haufiki huko, lakini mwelekeo ni ule ule, na ule wepesi unaousikia sio wa kufikirika, mimi nakuamini kabisa.

La pili, mwili unajifunza. Ukirudia kuingia kwenye maji ya baridi mara tano sita hivi, kile kishindo cha mwanzo kinapungua kama nusu. Wengine wanaamini kwamba mtu aliyezoea kustahimili mshtuko huu anastahimili na mishtuko mingine ya maisha, na kuna dalili kidogo za hilo, maana mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha South Australia walikusanya tafiti 11 zenye watu 3,177 wakakuta stresi inashuka, ila haishuki pale pale, inashuka baada ya masaa 12 hivi. Mimi hapo nasimama na kusema ni tabia nzuri kwa mtu mzima mwenye afya anayeipenda. Ila kama una huzuni isiyoisha, hulali, huoni maana ya kuamka asubuhi, hiyo sio ishu ya ndoo ya maji, njoo kliniki tuongee.

Sasa kinga. Utafiti mkubwa kuliko yote wa kuoga hivi ulifanyika Uholanzi kuanzia Januari 2015, chini ya Daktari Geert Buijze, watu 3,018 wenye afya. Waliambiwa waoge maji ya moto kama kawaida yao, afu mwishoni wamalizie na ya baridi kwa sekunde 30, wengine 60, wengine 90, kwa siku 30, na kundi moja likaendelea na maisha yake ya kawaida. Matokeo: waliomalizia na baridi walikosa kazini kwa sababu ya ugonjwa pungufu kwa asilimia 29. Mwenzako atakwambia si unaona! Subiri kwanza. Idadi ya siku ambazo watu walisema wanaumwa haikupungua. Yaani mafua yaliwapata kama wenzao ila walinyanyuka wakaenda kazini, labda dalili zilikuwa nyepesi, labda walijisikia na nguvu zaidi, na usisahau kwamba kila mtu alijua yuko kundi gani, huwezi kumficha mtu kwamba anaoga maji ya baridi. Kingine nilichokipenda kwenye huo utafiti ni kwamba wa sekunde 30 na wa sekunde 90 walipata matokeo yale yale. Kwa hiyo hiyo habari ya kukaa chini ya maji dakika kumi unatetemeka meno haina inachokuongezea.

Kitambi. Binadamu mzima ana mafuta ya kahawia maeneo ya shingoni na juu ya mitulinga, haya kazi yake ni kuunguza nishati ili kutoa joto, mwaka 2009 ndo wanasayansi walithibitisha kwa picha kwamba hata watu wazima tunayo na baridi inayaamsha. Hiyo ni kweli. Lakini dakika mbili za maji ni kitu kidogo mno, na mwili una akili yake, ukishapoa unadai chakula, utajikuta kwenye chai umeongeza chapati bila kujua. Ukitaka kitambi kiondoke angalia sahani ya ugali, soda, bia na mwendo wako wa miguu, na kwa milima ya Makete hata kwenda dukani na kurudi ni zoezi la haja.

Nguvu za kiume nitaongea wazi kwa sababu vijana wengi wananiuliza wakiwa wamejificha. Ni kweli korodani zimewekwa nje ya mwili kwa sababu zinahitaji ubaridi kidogo kuliko tumboni, na joto kali la mara kwa mara linapunguza mbegu. Mtu akisikia hivyo anaruka moja kwa moja mpaka kwenye "basi baridi inaongeza nguvu", na hapo katikati hakuna daraja. Kusimama kwa uume ni kazi ya mishipa ya damu kufunguka, na baridi inaifunga. Mwanaume wa miaka 36 anayeona mambo yamelegea namuomba apime sukari, apime presha, aache sigara, alale vizuri, maana mara nyingi hiyo ndo dalili ya kwanza ya mishipa kuanza kuharibika na ukiiwahi unaokoa na moyo wako.

Kwenye sehemu ya barua niliyoifupisha umesema pia mwenzako ananyanyua vyuma. Mwambie asiruke kwenye baridi akitoka tu kunyanyua. Mwaka 2015 ulitoka utafiti wa vijana 21 waliofanya mazoezi ya nguvu kwa wiki 12, waliokuwa wanakaa kwenye maji ya nyuzi 10 kwa dakika 10 kila baada ya zoezi misuli yao ilikua kidogo kuliko wenzao waliopoa kwa kuendesha baiskeli taratibu. Kumwagia maji sio sawa na kuzama, ila kwa nini ujipunguzie, aoge ya baridi asubuhi na vyuma anyanyue jioni.

Nije kwa mama. Mpigie leo umwambie nimonia haitoki kwenye maji, inatoka kwa vijidudu, bakteria na virusi, na vinapita kutoka mtu hadi mtu kwa kukohoa na kupiga chafya. Bweni lenye vitanda vilivyobanana na madirisha yaliyofungwa usiku kucha kwa sababu ya baridi linaambukiza kuliko bafu lolote. Baridi yabisi nayo, jina lenyewe linatudanganya. Wazee waliona viungo vinakaza na kuuma zaidi kwenye baridi wakadhani baridi ndo imeleta ugonjwa, na waliona sawa, maumivu kweli yanaongezeka, ila chanzo chake ni kinga ya mwili kugeuka na kushambulia viungo vyake yenyewe. Mtu asiye na ugonjwa huo hatoupata kwa kuoga, aliye nao maji ya nyuzi 12 yatamtesa bure. Kwa hiyo mama kakosea chanzo, ila lile wazo lake kwamba baridi sio kitu cha kumfanyia kila mtu, hapo yuko sahihi kuliko wewe na mwenzako kwa pamoja.

Na sasa nafika kwenye kitu kilichonifanya nijibu barua yako kabla ya nyingine zote, vijana wa bweni. Nilisoma bweni mkoa wa baridi, tulikuwa tunapangwa foleni kuoga saa 10 alfajiri. Kulikuwa na mwenzetu mwembamba, macho yake yalikuwa na unjano, alikuwa anajificha nyuma ya stoo mpaka muda wa kuoga upite. Tulimwita mchafu. Siku moja viranja walimkamata wakammwagia ndoo nzima tukiwa tunaangalia na wengine wanacheka, na mimi nilikuwa kati ya waliocheka. Usiku wake alilia mpaka kukakucha, mikono inauma, miguu inauma, mgongo, hakuna mtu aliyejua ni nini, akapelekwa hospitali ya mbali na kwenye darasa letu hakurudi tena. Nilikuja kulijua jina la ugonjwa wake nikiwa chuoni mwaka wa tatu, selimundu. Mgonjwa wa selimundu chembe zake nyekundu zinaweza kujikunja kama mundu, baridi ikibana mishipa damu inapita taratibu, chembe zinakwama, mifupa inakosa oksijeni, na maumivu yake hayaelezeki. Ngozi kupoa ghafla ni moja ya vitu vinavyojulikana kuamsha hali hiyo. Tanzania ni kati ya nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na selimundu, kwa hiyo usiseme shuleni kwako hayupo, wengine hata wazazi wao hawajui.

Tena mwalimu, hamasa yako wewe unaiita hamasa ila kwa mtoto wa kidato cha pili ni amri. Mwenye pumu anaweza kubanwa kifua, mwenye kifafa hatakiwi kuwa peke yake bafuni au mtoni, yupo ambaye ngozi yake ikiguswa na baridi inavimba mabonge na akimwagiwa mwili mzima presha inaweza kushuka akaanguka. Hao hawatakwambia mbele ya wenzao. Naomba uliondoe hilo zoezi kabisa, na badala yake kaa na matroni na patroni, jueni nani ana nini, na hao wapate maji ya moto hata ndoo moja bila kuombeshwa. Kijana mkubwa mwenye afya akitaka mwenyewe kuoga ya baridi aoge, lakini isiwe sheria na wala isiwe kipimo cha nani mwanaume.

Mzee wako. Hapana, usimuanzishe. Tangu miaka ya 1930 madaktari wana kipimo cha kutumbukiza mkono mmoja tu kwenye maji ya barafu kwa dakika moja ili waone presha inavyoruka, na hapo ni mkono tu, sio mwili mzima. Kwa miaka 67 mishipa imeshakaza, dawa zinashusha presha ya kila siku ila mruko wa ghafla hazitauzuia wote, moyo unadaiwa damu nyingi kwa sekunde hizo hizo 30, na ndani ya sekunde hizo mtu anaweza kupata maumivu ya kifua, mapigo kuvurugika, hata kiharusi. Na huyu anatoka Temeke kwenye joto anapanda huko juu mwezi wa saba, baridi ya hewa peke yake itampandishia presha kidogo kabla hata hajagusa maji. Aje na dawa za kutosha siku zote atakazokaa na zaidi kidogo. Muwekee maji ya vuguvugu, ya kuoga na ya udhu wa alfajiri. Yasiwe ya moto sana vile vile, mtu wa dawa za presha akitoka kwenye maji ya moto akasimama ghafla kizunguzungu kinamwangusha, muwekee na kigoda bafuni akae.

Akikuambia yeye ni mwanaume wa zamani hashindwi na maji, mkumbushe kisa cha swahaba Amru bin Al-As ambaye safarini usiku wa baridi kali alipata janaba (hali inayomlazimu Mwislamu kuoga kabla ya kuswali), akaogopa kuoga kungemuua, akatayamamu, yaani akajitwaharisha kwa udongo badala ya maji, akawaswalisha wenzake, na Mtume alipoelezwa alicheka na hakumlaumu. Mzee wa swala tano atakusikiliza hapo kuliko atakavyonisikiliza mimi.

Wewe mwenyewe endelea, ila pima presha kwanza mara mbili tatu siku tofauti, maana mzee anayo na hii inatembea kwenye familia. Ikiwa sawa, oga hivi: anza na maji ya vuguvugu, malizia na ya baridi sekunde 30 mpaka dakika moja. Usijimwagie kichwani kwanza. Anza na miguu, panda mapaja, mikono, ndo uje kifuani na mgongoni. Padri Sebastian Kneipp kule Bavaria zaidi ya miaka 100 iliyopita alikuwa anawamwagia wagonjwa wake maji ya baridi kiungo kimoja kimoja badala ya kuwatumbukiza, na kwa hilo mimi namuunga mkono. Ile pumzi ya ghafla ikija usishindane nayo, toa hewa taratibu kwa mdomo kama unapuliza chai. Zile mbinu za kwenye video za kuhema haraka haraka mpaka kichwa kizunguke usizifanye bafuni wala kwenye maji, mtu anazimia, na sakafu ya saruji haina huruma. Ukiwa na homa, ukiwa hujalala, ukiwa umekunywa pombe, siku hiyo ruka. Ukisikia kifua kinabana, moyo unaruka ruka, vidole vinakuwa vyeupe na ganzi isiyoisha, au mwili unatoka mabonge, acha na uende ukaonwe.

Na siku mzee akishuka kwenye basi usimpime presha pale pale, muache apumzike, ale, alale, mpime kesho yake asubuhi akiwa amekaa dakika tano kimya na mkono umelala juu ya meza, andika namba kwenye daftari kila siku. Ikifika 180 kwa 120 huku anaumwa kifua, anahema kwa shida, haoni vizuri au mdomo umepinda, usisubiri kurudia kipimo, muwahishe hospitali saa hiyo hiyo. Kama hana dalili yoyote rudia baada ya dakika tano, na ikibaki hapo, bado aonwe siku hiyo hiyo, msisubiri kesho.